Mke Mwenza wa Mama

Mama yangu aliogopa vitu vichache sana maishani, na kimojawapo kilikuwa kuzikwa na picha ya kitambulisho. Alihudhuria mazishi mengi, Kitale hadi Bungoma, na kila mara alirudi akilalamika juu ya picha iliyowekwa kwenye jeneza. Mnazijua zile picha. Mtu ameishi vizuri, amelea watoto, ameimba kwaya, halafu siku ya mwisho wanachukua kitambulisho chake, wanakipeleka mjini kikuzwe, na sura inarudi imekodoa macho kama ya mtu aliyekamatwa akiiba kuku. "Mimi msinifanyie hivyo," alisema huku akivua viatu vya mazishi mlangoni. "Mkiniweka na ile sura nitaamka niwafukuze wote."

Tulicheka, kwa sababu mume wake, yaani baba yangu, alikuwa mpiga picha.

Baba alikuwa na vyumba viwili vya kupanga kule Matisi, pembeni mwa mji wa Kitale. Cha mbele kilikuwa studio, cha nyuma ndicho tulicholala. Kamera yake ilikuwa ya zamani hata wakati huo, sanduku jeusi lililosimama wima, lenye macho mawili mbele, moja juu ya jingine. Aliinunua ujanani kutoka kwa mkulima mmoja wa kizungu aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Haikuwa kamera ya kuweka usoni. Uliiweka kwenye stendi ya miguu mitatu au ukaishika kifuani, ukafungua bawa dogo la bati pale juu, ukainamisha kichwa, ukatazama chini. Ndani kulikuwa na kioo cha mraba, na ndani ya kioo kulikuwa na Matisi yote: matope, kamba za nguo, mama wa mandazi na karai lake, vyote vikiwa vidogo na vinang'aa. Kushoto kulikuwa kulia na kulia kulikuwa kushoto, kwa hiyo mtu aliyekuwa akienda dukani ulimwona akirudi nyumbani. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba mtaa wetu ulikuwa mzuri zaidi mle ndani kuliko nje. Nimekua, nimesoma, nimeolewa, na bado naamini hivyo.

"Jicho la juu ni la kuangalia tu," Baba alinieleza. "Linaleta picha hapa kwa kioo ndio mimi nione. La chini ndilo linachukua, linapeleka kwa filamu. Hayo mawili hayaulizani."

Jicho la chini ndilo alilolitunza. Vumbi la Kitale wakati wa kiangazi halina huruma, na kifuniko halisi cha kamera kilipotea kabla sijazaliwa, kwa hiyo Baba alichukua kizibo cheusi cha chupa ya dawa ya kikohozi, akakibandika kitambaa cha blanketi kwa ndani, kikakaa sawasawa juu ya lile jicho. La juu aliliacha wazi, maana hata likiingia vumbi, picha haiharibiki. Na kizibo hicho alikitoa mwisho kabisa. Kwanza aliinama akamweka mtu vizuri kwenye kioo, akamwambia atulie, kisha akanyoosha mkono akatoa kizibo, akakitia mfuko wa shati, akaupigapiga mfuko, ndipo akabonyeza. Wateja wa zamani walijua kwamba akishapiga mfuko, ni wakati wa kushika pumzi.

Mama aliiita kamera ile mke mwenzangu. Kitambaa laini kikionekana nyumbani, kilikuwa cha kumfuta mke mwenzangu. Mvua ikinyesha njiani, koti lilivuliwa likamfunika mke mwenzangu, na Baba akafika nyumbani amelowa chapachapa. "Mke mwenzangu ameshiba?" Mama alimwuliza jioni. "Basi na wewe njoo ule."

Nikiulizwa ni kitu gani kilichotuvutia sote katika lile sanduku, nitasema ni ile namna ya kuinama. Mwenye kamera nyingine anakulenga. Uso wake unapotea, jicho moja linafumba, na wewe unajisikia kama ndege kwenye mti. Baba aliinamisha kichwa mbele ya mtu kama anayeombea chakula. Siku za soko la Cheptais kulikuwa na bibi waliokataa katakata kupigwa picha na wengine, lakini kwa Baba walikaa wenyewe kwenye stuli, wakapanga leso zao, wakangoja. Hakuna aliyewakodolea macho. Yule mzee alikuwa anatazama sanduku lake tu.

Sasa utauliza, mke wa mpiga picha anakosaje picha? Alikuwa nazo. Tulikuwa na shamba dogo nje ya Kitale, na nyumba, na kabati lililojaa albamu. Kisha ukaja ule mwaka wa watu kufukuzana kwa ajili ya ardhi, na sisi ambao wazazi wetu walitoka Mkoa wa Kati tukachomewa nyumba. Siku hiyo Baba alikuwa Cheptais na kamera yake, ndiyo sababu kamera ilipona. Kila kitu kingine kiliungua. Tulihamia Matisi kwa muda mfupi, na muda mfupi huo haujaisha hadi leo.

Baba alitaka kumpiga picha mpya mara moja. Mama akakataa. "Utanipiga nikiwa mlangoni kwangu," alisema. "Si mlango wa kukodi." Nyumba haikujengwa, miaka ikapita, na yeye hakubadilisha neno. Hata kwenye picha za arusi yangu yumo kwa shida: mkono wake umeshika sahani, kisogo chake kinaelekea jikoni. Uso wake mzima ulikuwa umebaki mahali pamoja tu duniani, napo ni kwenye kitambulisho.

Miaka ya elfu mbili ilipoingia, mambo ya Baba yalianza kumponyoka. Mjini Kitale zilikuja mashine za kutoa picha za rangi ukingali umesimama hapo hapo, na filamu ya mke mwenza ikaadimika. Mwenye duka aliyemuuzia miaka yote alimwambia bila hata kuinuka, "Mzee, hiyo haikuji tena. Watu wanataka rangi, bana. Siku hizi hata simu inapiga." Baba alirudi nyumbani na filamu moja, ya mwisho, akaiweka kwenye mkebe wa kakao juu ya kabati. "Hii ni ya mama yenu," alisema. Hakuna aliyethubutu kuigusa.

Na macho yake yakaanza kwenda. Hakutuambia. Tulijua kwa sababu alimimina chai kando ya kikombe halafu akakigombeza kikombe kwamba kimesogea. Tulijua kwa sababu watu walirudisha picha za pasipoti zisizo na utosi. Hospitalini walisema ni presha ya macho na kwamba amechelewa. Alitoka pale akasema daktari ni mtoto tu, hajui kitu. Sikuwa na la kumfanyia. Nilikuwa namwangalia akishika ukuta na kujifanya anaupima.

Wakati huo nilikuwa nimeolewa na mwalimu, mtu wa Bungoma, na tulikuwa na boma letu karibu na Kibabii. Mama alipougua, tumbo lake likavimba na mwili mwingine wote ukakonda, nikamchukua aje kwangu ili awe karibu na hospitali ya Bungoma. Baba alimfuata. Na hapo ndipo mume wangu na mama yangu walipojikuta katika boma moja, jambo ambalo kwa watu wa mume wangu ni mtihani mkubwa.

Kwao mkwe wa kiume na mama wa mke wake hawatazamani. Hawasalimiani kwa mkono, hawali pamoja, hawazungumzi uso kwa uso. Si chuki, ni heshima, na inachukuliwa kwa uzito. Mama hakuzaliwa katika mila hiyo, lakini alikuwa ameishi miaka mingi na majirani wenye mila hiyo, na siku nilipoolewa aliishika kuliko wenyewe. Nadhani aliona watu wangesema kwamba huyu mgeni kutoka Kati hana adabu. Tulimpa nyumba ndogo ya nje. Mume wangu aliporudi kutoka shuleni alikohoa akiwa bado barabarani, ili Mama apate nafasi ya kuingia ndani au kugeuka.

Salamu zilipita kwangu. "Mwambie mama nimesalimia," aliniambia mume wangu, na Mama akiwa pale pale nyuma ya mlango anasikia kila kitu. "Mwambie nimepokea," Mama alijibu. "Mwulize ameamka aje," mwalimu aliendelea. "Mwambie niko sawa." Siku moja nilirudi kutoka kisimani nikakuta mume wangu amesimama uani ameupa mgongo mlango wa Mama, anamwambia kuku, "Kuku, ambia mama dawa iko hapa kwa dirisha." Na kutoka ndani sauti ya Mama: "Kuku, ambia mwalimu asante."

Nilicheka mpaka nikamwaga maji. Leo nikikumbuka sicheki sana.

Mama alianza kuongea juu ya picha. Hakusema anakufa, alisema tu kwamba mlango wake hauonekani kama utajengwa mwaka huu. Nikamwambia mjini kuna mpiga picha wa rangi, anakuja hadi nyumbani, picha inatoka siku hiyo hiyo. Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Nimengojea mume wangu miaka hiyo yote, halafu nipigwe na mtu wa barabarani?" Basi Baba akaenda Matisi akarudi na mkebe wa kakao na mke mwenza amefungwa ndani ya sweta.

Ilikuwa Jumamosi, jua la baada ya mvua, na majirani wote wamekwenda sokoni. Baba aliinua mkono akausikiliza mwanga kwa nyuma ya kiganja, akasema stuli ikae pale, si hapa. Aliweka filamu mwenyewe, kwa vidole tu, bila kukosea. Mama alitoka amevaa gauni la buluu na kitambaa cha kichwa cha kanisani. Uso ulikuwa umekonda lakini alikuwa amejipaka mafuta, na macho yake yalikuwa yale yale ya kutafuta mtu wa kumtania. "Leo mke mwenzangu ataniona vizuri," alisema akikaa.

Nyuma yake ulikuwa ukuta wenye madoa, kwa hiyo Baba akataka shuka. Nilileta shuka jeupe la kitanda changu. Hapakuwa na mahali pa kulitundika, na upepo ulikuwa unavuma, basi nikasimama nyuma ya Mama nikalishika juu kwa mikono miwili. Mume wangu asingeweza kulishika. Angekuwa amesimama karibu na mama mkwe kiasi cha kumgusa. Alikaa kando kule kwenye mti wa avokado, ametazama upande mwingine, anangoja kazi ya kubeba kitu.

Kutoka nyuma ya shuka sikuona chochote isipokuwa kivuli cha kichwa cha Mama, ambacho jua lilikichora kwenye kitambaa. Nilisikia tu. Nilisikia bawa la bati likifunguka. Nilisikia Baba akiinama, maana magoti yake yalilia. Kisha kimya. Kimya kikawa kirefu, mikono yangu ikaanza kuuma.

"Unangoja nini?" Mama aliuliza. "Nizeeke?"

Nilimsikia Baba akihema. Halafu akasema, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, "Mwalimu, hebu kuja hapa. Macho yangu yamechoka."

Ndiyo mara ya kwanza aliyoyataja macho yake mbele yetu. Nilifunga yangu nyuma ya shuka.

Mume wangu alisita. "Mzee, lakini mama..."

"Hutamwangalia," Baba alisema. "Utaangalia kioo. Si unaona vile inakaa? Unainama tu."

Mama alicheka, kicheko cha mtu aliyeshindwa. "Mwambie basi akuje," aliniambia mimi nyuma ya shuka. "Akiinama hakuna makosa."

Hivyo ndivyo mtu ambaye hakuwahi kumtazama mama mkwe wake alivyosimama mbele yake akainamisha kichwa. Nafikiri ni kamera ile peke yake ingeweza kuruhusu jambo kama hilo katika boma letu. Baba alisimama karibu yake na kumwelekeza. "Zungusha hapa mpaka uso uwe safi. Unamwona?"

"Namwona vizuri kabisa, baba."

"Macho yake yako wazi?"

"Wazi kabisa."

"Bonyeza polepole."

Nikasikia mlio mdogo wa kamera, kisha filamu ikizungushwa, kisha mlio tena. Walipiga filamu nzima. Katikati Mama alikohoa kidogo, kile kikohozi cha kuvuta sikio la mtu, nikamwuliza kama anataka maji, akasema hapana. Walipomaliza nilishusha shuka. Mikono ilikuwa imekufa ganzi. Mume wangu alikuwa ameshageuka, anakunja stendi, shingo imemtoka jasho. Baba alikuwa anaifunga kamera ndani ya sweta kama mtoto mchanga.

Nilimsaidia Mama kurudi ndani. Alipolala alianza kucheka peke yake, akashika tumbo. "Mume wako ana heshima sana," alisema. "Ataniua na heshima."

Nikampelekea mume wangu maneno hayo kama sifa. Alifurahi sana, masikini.

Usiku ule maumivu yalimzidi, na kesho yake tukampeleka hospitalini Bungoma, wakamlaza. Alikuwa hawezi kukaa, lakini alimwambia Baba aende Matisi akasafishe filamu. "Nataka kujiona," alisema. Nikaenda naye, kwa sababu ya macho yake, ingawa tulisema ni kwa sababu ya mizigo.

Chumba cha giza cha Baba kilikuwa bafu la nje lenye blanketi mlangoni. Mle ndani hakuhitaji msaada wangu. Tulipozima taa tukawa sawa, hata yeye akanizidi, mikono yake ikienda kwenye chupa na ndoo bila kugonga kitu. Alikuwa anapiga mluzi. Nilikuwa sijamsikia akipiga mluzi tangu zamani. Alihesabu muda kwa wimbo wa kanisani, akamwaga dawa, akamimina nyingine, akaosha kwa maji mengi. Kisha akaning'iniza filamu kwenye kamba na kuniambia nifungue mlango.

"Ametoka vipi?" aliuliza.

Nilisimama nikiwa nimeshika blanketi. Filamu ilikuwa inaning'inia katika jua, imenyooka, inadondosha maji, na ilikuwa nyeupe. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na stuli wala shuka. Niliuona ukuta wa jirani kupitia filamu ile kama ninavyouona kupitia glasi.

"Sema basi."

"Baba," nilisema, "hakuna kitu."

Aliipapasa ile filamu kwa kidole, kana kwamba angeweza kumgusa humo. Kisha akaingia ndani, akaifungua sweta, na mkono wake ukaenda moja kwa moja mbele ya kamera, kwenye jicho la chini. Niliona alichokishika. Kizibo cha dawa ya kikohozi kilikuwa pale pale, kimekaa sawasawa.

Baba alikaa kitandani. Nilielewa polepole. Siku zote alikitoa mwisho, baada ya kuona, na siku ile hakufika kwenye kuona. Alipompa mwalimu nafasi yake, alimpa kila kitu isipokuwa hicho. Na mume wangu hakuwa na sababu ya kujua. Jicho la juu lilikuwa wazi, kioo kilikuwa kimejaa mwanga, alimwona mtu vizuri kabisa.

"Usimwambie mwalimu," Baba alisema. "Sema filamu ilikuwa imezeeka."

Nilikubali. Sikuona faida ya kumwumiza mtu aliyefanya alichoambiwa. Nilitaka kupasua kitu, kikombe, dirisha, lolote, lakini vitu vilivyokuwa mle ndani vyote vilikuwa vya Baba na vilikuwa vichache.

Tulirudi Bungoma mikono mitupu. Nilikuwa nimejiandaa kulia, lakini Mama alituwahi. Alimgeukia Baba, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Nimetoka aje?"

Baba alisimama kando ya kitanda. Alitafuta mkono wake juu ya blanketi, akakosea, akaupata. "Umetoka vizuri," alisema. "Vizuri sana. Imebaki kukauka tu."

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Akatikisa kichwa polepole, akacheka bila sauti, akaupigapiga mkono wa Baba kama Baba alivyokuwa akipiga mfuko wa shati. "Asante, baba watoto," akasema. "Najua ni nzuri."

Nilidhani amefurahi. Nilitoka nje ya wodi nikaegemea ukuta, nikamshukuru Mungu kwa uongo wa Baba. Nilipomwambia Baba tumwite yule wa picha za rangi aje wodini, angalau tupate kitu, alikataa. "Nitamwambia ya kwanza iko wapi?" Siku chache baadaye Mama akaenda.

Tulimzika Kitale, kwenye makaburi ya mjini, kwa kuwa ardhi hatukuwa nayo. Picha juu ya jeneza ilikuwa ya kitambulisho. Nilikipeleka mimi mwenyewe kikakuzwe, na nilimwomba yule kijana wa mashine afanye awezavyo. Alijitahidi. Ile mistari ya kitambulisho bado ilipita shavuni, na macho yalikuwa yamekodoka vile vile. Watu walipita mmoja mmoja kuaga, na kila aliyepita nilitaka kumwambia samahani, huyo siye. Baba alisimama karibu na jeneza akashika fremu ya picha kwa mikono miwili. Hakuona ni picha gani, na hakuna aliyemwambia, lakini mtu hawi mpiga picha miaka yote hiyo halafu asijue. Alikuwa analia bila kufuta machozi. Mimi nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Kabla hatujarudi Kibabii, Baba alimpa mume wangu kamera, imefungwa ndani ya ile ile sweta. "Wewe ndiye wa mwisho kumwona humo," alisema. "Kaa nayo." Mume wangu aliipokea kwa mikono miwili na kuiweka juu ya kabati. Hakuifungua. Nami sikumkumbusha.

Miezi ilipita, mvua zikaja na kwenda. Jumapili moja alasiri nilikuwa nachagua maharagwe jikoni, nikaona kupitia mlango kwamba ametoa stendi. Aliisimamisha pale pale uani, na mbele yake akaweka stuli tupu. Aliinama. Alikaa ameinama muda mrefu sana, kama siku ile, shingo yake ikiwa imepindika kwa adabu mbele ya stuli isiyo na mtu. Nikafikiri anamkumbuka, nikamwacha.

Kisha aliinuka, akazunguka mbele ya kamera, labda kuifuta vumbi. Nikamwona amesimama ghafla. Alichutama. Alinyoosha kidole akagusa jicho la chini, akarudi nyuma ya kamera, akatazama kioo, akaja tena mbele. Nilijua. Niliacha maharagwe nikatoka. Alikuwa amekishika kizibo kwenye kiganja.

"Hii ilikuwa hapa?" aliuliza. "Ile siku?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na mlijua."

"Baba hakutaka uumie."

Alikaa kwenye stuli ya Mama. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Alikuwa anakigeuzageuza kile kizibo. Kisha akaanza kuongea polepole, akitazama chini, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akitaja uso wa mama yangu.

"Nilimwona vizuri kabisa," alisema. "Mwanzo alikuwa anaangalia mbele. Halafu akaangalia chini kidogo. Nikingoja ainue macho, anainua, halafu anarudisha chini, hapa." Aliinua mkono akaonyesha jicho la chini la kamera. "Hapa tu. Kila picha. Hata akakohoa."

Nilimkumbuka akicheka kitandani. Nilimkumbuka wodini, akimpigapiga Baba mkono. Aliishi na ile kamera karibu maisha yake yote ya ndoa, alikijua kizibo kile kuliko sisi sote, na siku ile kulikuwa na wanaume wawili mbele yake, mmoja ametoka tu kukiri kwamba haoni, na mwingine hapaswi kusemeshwa.

"Na wewe ulidhani nini?" nilimwuliza mume wangu.

Alikitia kizibo katika mfuko wa shati.

"Nilidhani ananiheshimu," alisema.

Mtu yeyote wa huku angedhani hivyo.